Mwongozo kamili: kumtafutia mzazi makao ya wazee hapa Mombasa, hatua kwa hatua

Hii mada huku kwetu watu huiongea kwa kunong'ona, ati ukisema "makao ya wazee" ni kama umetaja tusi. Ami yako akisikia tu ashaanza, mwamtupa mama yenu? Na wakati huohuo huyo mama anashinda pekee yake ghorofa ya tatu Tudor, msichana wa kazi ameenda sokoni amemfungia mlango kwa nje, na wanawe wote wako kazini ama wako Doha. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 57 inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, asidhulumiwe, na apate matunzo kutoka kwa familia yake na serikali. Haijasema matunzo lazima yafanyike sebuleni kwako. Kwa hivo habari ya kutupa tuiweke kando, tuulize swali moja la maana: saa nane usiku huyu mzee akitaka kwenda choo, nani atamuinua? Haya yote nitakayoandika hapa chini yazunguka hilo swali.

Kwanza jua kuna nini

Mombasa hakuna makao kibao ya kuzunguka ukichagua kama unachagua hoteli ya harusi. Ukitafuta utakutana na aina hizi.

Kuna makao ya hisani, mengi ni ya watu wa dini, na haya hasa ni ya wazee ambao hawana mtu kabisa. Ukienda na babako na nyinyi watoto watano mna kazi zenu usishangae mkirudishwa, na wana haki kuwarudisha. Kuna nyumba za kulipia, mara nyingi ni nyumba ya kawaida ya familia iliyogeuzwa, vyumba kadhaa, wahudumu kadhaa, mwenyewe huenda alikuwa nesi. Kuna vile vijiji vya wastaafu vya huku pwani, unanunua ama unapanga nyumba ndani ya geti, bustani, dimbwi la kuogelea, pazuri sana lakini pametengenezwa kwa mtu anayejimudu, siku akishindwa kujivalisha utahitaji kumuajiria mtu palepale. Halafu kuna mhudumu wa kuja nyumbani, ambayo kusema kweli kwa familia nyingi za Mombasa ndo itakuwa jibu, kwa hivo usiione kama kushindwa.

Na usichanganye hizo na vituo vya kuokoa wazee kama kile cha Kaya Godoma kule Ganze, hicho kilianzishwa kukinga wazee waliosingiziwa uchawi wasiuliwe. Ni kazi kubwa sana wanafanya lakini ni jambo lingine.

Hatua ya 1: andika saa 24 za mzee wako

Kabla hujapiga simu hata moja chukua daftari ukae naye siku nzima na usiku wake, ukiweza siku mbili, moja ya kazi na moja ya wikendi. Andika kila kitu na saa yake. Kumi na moja alfajiri ameamka kuswali, ameshika ukuta mpaka bafuni. Moja asubuhi dawa ya presha, amekunywa mwenyewe ama amekumbushwa? Tatu amekunywa chai nusu kikombe, mahamri hakugusa. Saa sita amelala kwa kiti. Jioni kaanza kuuliza mumewe yuwapi, na mumewe alifariki zamani. Usiku kaamka mara tatu kwenda choo na mara moja hakuwahi.

Hii karatasi ni dhahabu. Utaitembeza kila pahali utakapoenda na ndo itakuonyesha unatafuta nini. Kama anatoka kitandani hadi chooni pekee yake na dawa anazikumbuka, yeye hataki makao, anataka nyumba ya chini bila ngazi na mtu wa kumpikia. Kama anatembea vizuri lakini anatoka nje na kupotea, kitu cha kwanza ni geti na macho ya mtu mchana na usiku. Kama halali bila kugeuzwa, basi unatafuta manesi, sio bustani. Mzee asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kama kila baada ya masaa mawili usiku kucha, la sivyo vidonda vya kulala vinaanza kwa visigino na makalio na kupona ni shughuli.

Halafu mpeleke hospitali apimwe vizuri kabla hamjaamua lolote, Coast General, Aga Khan, Pandya, popote mnapoweza. Manake mzee akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu hiyo mara nyingi si uzee. Inaweza kuwa infeksheni ya mkojo, sukari imeshuka, maji yamepungua mwilini, ama dawa mbili zinagombana. Macho pia, mtoto wa jicho anafanya mzee aonekane mjinga kumbe haoni kijiko. Kuna watu wanapelekwa makao kwa ugonjwa ambao ungeisha na dawa za wiki moja.

Hatua ya 2: ongea na yeye mwenyewe, halafu ndo familia

Wengi hufanya kinyume, grupu ya WhatsApp ya familia imejaa mipango ya mama na mama hajui lolote. Kaa naye faragha, wakati ameshiba na hana maumivu, umwambie kwa heshima na kwa ukweli: "Mama, mimi niko kazini lakini moyo uko huku. Ukianguka mchana nani atakuinua? Nataka tuangalie pamoja pahali pa kukaa, na wewe ndo utasema pafaa ama hapafai." Anaweza kulia. Anaweza kunyamaza siku mbili. Akisema hataki muulize hataki nini hasa, kwa sababu saa zingine anachoogopa ni kitu kimoja tu, kuogeshwa na mwanamume, ama kuzikwa mbali, ama kwamba mtaiuza nyumba yake akishatoka. Hivo ni vitu mnaweza kupatana.

Msimdanganye ati mnaenda kliniki halafu mkamwacha huko. Mzee akishaona mumemhadaa hatamwamini mtu yeyote wa pale, hatakula, na atakuwa sawa.

Kwa familia, amueni vitu vitatu na viandikwe: nani analipa ngapi, nani ndo wa kupigiwa simu usiku, na nani anaamua mambo ya matibabu. Mmoja akae na pesa na atume hesabu kila mwezi na risiti. Yule ndugu wa Gulf anayetuma hela na yule dada anayemwosha mama kila siku wote wanachangia, sasa isije ikawa wa hela ndo wa kutoa amri. Na huyo dada muulizeni yeye kwanza, manake ndo anajua mzee anakula nini na anaogopa nini.

Mambo ya sheria yafanyeni akiwa bado na akili timamu. Hati ya kumpa mtu uwakilishi wa kisheria kwa benki na mali inafaa, lakini kwa sheria ya Kenya inaisha nguvu mwenye kuitoa akishapoteza uwezo wa kuamua, na hapo ni mpaka Mahakama Kuu kwa Sheria ya Afya ya Akili ili ateuliwe wa kumsimamia. Nendeni kwa wakili mapema, na mama aseme matakwa yake akisikika na watoto wote.

Hatua ya 3: hesabu, yote

Bei utakayoambiwa kwa simu sio bei utakayolipa. Chukua mfano huu, namba ni za kukisia tu. Ada 60,000 kwa mwezi. Daipa nne kwa siku ni 120 kwa mwezi, tuseme moja shilingi 100, hapo 12,000. Dawa za presha na sukari 6,000. Mtu wa fizio mara moja kwa wiki kwa 2,000 ni 8,000. Kliniki na teksi ya kwenda na kurudi 4,000. Ile 60,000 yako ishakuwa 90,000. Uliza kila kimoja kama kimo ndani ama ni cha kando, hata sabuni, hata kufuliwa, hata nesi akifunga kidonda.

Inua Jamii, ile pesa ya serikali kwa wazee wa miaka 70 kwenda juu, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa hesabu hii ya juu ni daipa za siku tano, lakini mwandikishe tu kama hajaandikishwa. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua pahali pa NHIF Oktoba 2024, mwandikishe pia, ni *147# kwa simu, mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Ila kumbuka SHA ni ya matibabu, haimlipii mtu kitanda cha makao. Kama babako ni mstaafu wa Bandari ama wa serikali ulizeni pia kama pensheni yake imekuja na bima yoyote ya matibabu, na kama bado inaingia kwa akaunti ambayo mtu mwingine ana kadi yake. Naam, nimesema.

Pigeni na hesabu ya nyumbani mlinganishe. Hapo kosa la kawaida ni kuajiri mhudumu mmoja mkamtarajia afanye kazi masaa 24. Hawezi, atalala, na ni haki yake kulala. Unahitaji wawili angalau, wa mchana na wa usiku, na mtu wa kushika siku zao za mapumziko. Na ukishaajiri wewe ni mwajiri, kuna NSSF, SHA na ile tozo ya nyumba asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwako. Kwa mzee wa kugeuzwa usiku hesabu ya nyumbani inaweza kupita ile ya makao. Kwa mzee wa kupikiwa na kukumbushwa dawa, nyumbani ni nafuu kwa mbali.

Hatua ya 4: chora njia yako

Mtu anayemtembelea mzee mara kwa mara ndo anamlinda, hakuna mlinzi mwingine. Sasa ukiishi Likoni ukampeleka Mtwapa, kila ziara ni feri, mji, daraja la Nyali na foleni yake, halafu daraja la Mtwapa. Mwezi wa kwanza utaenda kila wikendi, wa nne utapiga simu. Dongo Kundu inasaidia mwenye gari kukwepa feri lakini mzunguko ni mrefu. Mimi ningechagua pahali pa kawaida dakika ishirini kutoka kwa mtoto mmoja kuliko pazuri mno ambako hakuna anayefika. Na angalia njia ya hospitali pia, usiku na mchana, manake ambulensi inayosubiri feri ni ya kusubiri feri.

Kitu kingine watu husahau, Mtwapa ni Kaunti ya Kilifi na Diani ni Kwale, kwa hivo leseni za biashara na maafisa wa afya ya umma wa kule ni wa kaunti hizo. Ukienda kuuliza ofisi za Mombasa wataangalia karatasi zao waseme hawaijui.

Hatua ya 5: makaratasi, kwa simu kwanza

Usipoteze nauli. Piga simu ulize: mumesajiliwa kama nini? Biashara, kituo cha afya, ama shirika la hisani? Kama ni biashara kuna leseni ya kaunti, ukaguzi wa afya ya umma na cheti cha zimamoto. Kama wanachoma sindano, wanafunga vidonda, wanaweka mipira ya mkojo, hiyo ni kazi ya tiba, uliza leseni ya KMPDC, lile baraza la madaktari linalotoa leseni za vituo vya tiba. Manesi wao wawe na leseni ya Baraza la Wauguzi ambayo haijapitwa na tarehe, na majina unaweza kuyahakikisha kwa Baraza. Mhudumu aliyesomea kozi fupi ya kutunza wazee anaweza kuwa mzuri kuliko nesi kwa mambo mengi, lakini yeye sio nesi, na akivaa nguo nyeupe haibadiliki kuwa nesi.

Anayejibu kwa hasira unapouliza leseni ashajibu.

Hatua ya 6: nenda, na uende saa mbaya

Hapa ndo penye kazi. Ziara ya kwanza wapigie simu mupange, adabu ni adabu. Ya pili usipige. Nenda Jumapili mchana, ama saa kumi na mbili unusu jioni wahudumu wa mchana wanapowapokeza wa usiku, manake hapo ndo utajua kama wanaambizana kitu ama mmoja anavua aproni huku mwingine bado yuko kwa tuktuk.

Ukiingia, pumua. Harufu ya mkojo saa tatu asubuhi ni kawaida, watu wanaamshwa na mashuka yanatolewa. Saa kumi jioni ile harufu bado iko, basi kuna mtu ameketi kwa daipa ya asubuhi. Harufu kali ya dawa ya kusafishia kila pahali nayo sio sifa nzuri sana, kama kuna kitu kinafunikwa.

Tazama wazee, usitazame makochi. Kucha zimekatwa? Midomo imekauka? Kila mmoja ana kikombe cha maji pahali anafikia kwa mkono wake, ama jagi liko mezani kule mwisho kama pambo? Wako macho wakiongea ama wote wamelala saa nne asubuhi mbele ya tivii? Wazee kumi wote kusinzia pamoja, uliza kwa upole nani anapewa dawa za usingizi na daktari gani aliandika. Msikilize mhudumu anamuitaje mzee. Huku kwetu mtoto wa miaka 22 akimuita mtu wa umri wa nyanyake kwa jina tupu bila bibi, bila mama, bila mzee, ujue hata nyuma ya pazia hakuna heshima.

Omba kuona daftari la dawa. Jina, dawa, saa, sahihi. Pahali pamoja, sitapataja, daftari lilikuwa safi sana, tiki zimepangika kwa kalamu moja ya buluu kutoka Jumatatu mpaka Jumapili, na sisi tulikuwa Alhamisi. Mtu aliketi akajaza wiki nzima mara moja akaenda zake. Hilo peke yake latosha uage utoke.

Insulini inakaa wapi? Iwe kwa friji, nyuzi 2 hadi 8, na uliza stima zikipotea masaa sita inafanywa nini. Kuna jenereta? Iwashwe uisikie. Ingia chooni. Ile chuma ya ukutani ya kushikia, ivute kwa uzito wako wote, kama inacheza ukutani itakuja na mzee. Sakafu ikilowa inateleza? Kiti cha choo kiko juu ya kutosha goti lisilie? Bonyeza kengele ya kando ya kitanda ukae kimya uone nani anakuja na baada ya muda gani. Kama hakuna kengele, wazee wanaita vipi usiku, kwa sauti?

Joto. Nenda mwezi wa pili au wa tatu, wakati wa kaskazi, saa nane mchana, ukae kwa chumba chenyewe nusu saa mlango umefungwa. Mzee hasikii kiu kama wewe na mwili wake hautoi joto kama wako, chumba cha juu chini ya bati bila feni ni hatari wala sio usumbufu tu. Angalia nyavu za dirisha na chandarua, dengi tushakuwa nayo hapa mjini na mbu wake huuma mchana. Maji yaonje. Visima vingi vya huku vina chumvi, sawa kwa kuosha sakafu, lakini ya kunywa mwenye presha yatoke wapi? Tangi kubwa kiasi gani, na bomba likikauka wiki nzima kama tunavyojua lenyewe, wananunua mitungi ya mkokoteni ama wanapunguza kuogesha watu?

Halafu sasa swali letu la saa nane usiku. Uliza hivi, neno kwa neno: usiku wa leo wahudumu wangapi wako macho, na wazee wangapi hawawezi kujigeuza? Usikubali "tuko na tim kubwa". Namba. Mhudumu mmoja kwa wazee kumi na wawili na wanne kati yao ni wa kugeuzwa, hesabu mwenyewe kama anaweza kufika chooni na mamako. Akianguka mmoja sakafuni, huyo mmoja anamuinuaje pekee yake? Na nani anaendesha gari kwenda hospitali, manake dereva huwa wa mchana. Wakubali wakupe namba ya simu ya zamu ya usiku, uipige siku moja saa tisa usiku. Ni ukorofi, najua. Piga.

Hatua ya 7: dini, chakula, lugha

Hivi vinaonekana vidogo kwa aliyezoea kuandika bajeti, kwa mzee ndo maisha yenyewe. Kama ni Muislamu, kuna pahali pa kuswali akiwa kwa kiti, kibla kinajulikana, kuna bomba la chini la udhu ama anamiminiwa na birika, na adhana inasikika? Ramadhani inakuwaje, daku inapikwa ama jikoni limefungwa? Mwenye sukari anayetaka kufunga aonane na daktari wiki kadhaa kabla, na wahudumu wajue dalili za sukari kushuka, jasho, kutetemeka, kuongea ovyo, na kwamba hapo anafuturishwa papo hapo. Kama ni Mkristo, nani anampeleka kanisani ama padri anakuja?

Mama yako aogeshwe na mwanamke. Uliza hasa usiku, manake mchana wako wanawake wengi na usiku anabaki kijana wa kiume mmoja. Jibu liandikwe kwa mkataba.

Chakula, nenda wakati wa kula ukaonje. Mzee wa Kibokoni aliyekula wali wa nazi na samaki maisha yake yote ukimpa sukuma na ugali mgumu kila siku atapungua mwili, na watakwambia ni uzee. Asiye na meno apewe chakula laini lakini kiwe chakula, samaki aliyechambuliwa miba, mbaazi, ndizi, uji wenye kitu ndani, usiwe uji mweupe mara tatu kwa siku.

Lugha nayo, mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hurudi kwa lugha ya utotoni. Mama wa Kigiriama aliyeongea Kiswahili miaka hamsini anaweza kuamka siku moja akaongea Kigiriama pekee. Kuwe na hata mtu mmoja pale, hata mpishi, anayemwelewa akisema anaumwa.

Hatua ya 8: mkataba

Usisaini siku hiyohiyo. Beba nyumbani usome na mtu asiyekuwa na haraka. Tafuta haya: ada inaweza kupanda lini na kwa notisi gani, depoziti inarudi vipi, akilazwa hospitali wiki mbili kitanda chake kinalipiwa, hali ikizidi kuwa mbaya wanaweza kumtoa kwa notisi ya siku ngapi, na nani anaruhusiwa kumtembelea na saa ngapi. Mimi pahali panapokataza kutembelea bila kupanga ningepita tu. Pesa zilipwe kwa akaunti ya biashara na risiti, zisiende kwa M-Pesa ya simu ya meneja.

Na kifo, kiongeleeni na wao kabla. Nani anapigiwa kwanza, wanaweza kumweka wapi, na hasa kwa Waislamu ambapo mazishi ni haraka, kibali cha maziko kinashughulikiwa na nani kama amefariki Ijumaa usiku. Wanaojua kazi yao watakujibu bila kushtuka.

Hatua ya 9: wiki mbili za kujaribu, na mwezi wa kwanza

Ombeni akae wiki mbili kwanza bila kufunga mkataba mrefu. Mpeleke asubuhi, sio jioni, jioni wazee wenye kusahau huchanganyikiwa zaidi. Mtangulizie vitu vyake chumbani: leso zake, msala, tasbihi ama rozari, mto wake, picha, na redio imeshatafutiwa Pwani FM ama Radio Rahma. Dhahabu ibaki nyumbani, kitambulisho bakini nacho nyinyi mkaache kopi, na namba ya siri ya M-Pesa asiijue mtu yeyote wa pale. Ile karatasi ya saa 24 iandikeni vizuri mbandike kwa mlango wa kabati ndani, mhudumu mgeni akiingia aone kwamba bibi anaogopa giza na chai yake ni ya tangawizi bila sukari.

Wiki ya kwanza ataomba arudi nyumbani. Hiyo peke yake haimaanishi pabaya, ugeni ni ugeni. Angalia uzito wake, mpime siku ya kuingia na kila wiki. Angalia ngozi yake ukimkumbatia, visigino, mgongo chini. Alama za vidole mkononi, kushtuka mhudumu fulani akiingia, kunyamaza ghafla ukiuliza kitu, pesa zinazopotea, hivo usisubiri kikao cha familia. Piga picha, mpeleke hospitali aonwe na iandikwe, ripoti polisi, namba ni 999 au 112, na umwambie afisa wa maendeleo ya jamii. Ya dhuluma kuna pia 1195 bure. Ambulensi ya Msalaba Mwekundu ni 1199, hiyo iwe kwa simu yako hata kama kila kitu kiko sawa.

Malalamiko ya kawaida, chai imepoa, shuka imepotea, zungumza na mhudumu mwenyewe kwa upole kwanza kabla hujaenda kwa meneja. Hawa watu wengi wanalipwa kidogo na wanafanya kazi ambayo sisi imetushinda. Mjue jina lake, muulize watoto wake wako vipi, siku ya Idi ama Krismasi umkumbuke. Hiyo si hongo, ni ubinadamu, na mama yako atanufaika.

Na mkiamua kumtoa, toeni notisi kwa maandishi, na siku ya kuondoka msibebe nguo tu. Chukueni dawa zote zilizobaki, kopi ya daftari la dawa na la vidonda, karatasi za hospitali, kitabu cha kliniki na hesabu ya mwisho iliyosainiwa, kabla hajaingia kwa gari, manake makao mapya yatauliza vyote siku hiyohiyo na mkisharudi nyuma kuvitafuta mtaambiwa mwenye ufunguo wa ofisi amesafiri.